Kompyuta ya kwanza ya kujiundia, Kisumu hadi Nakuru: pesa ziende wapi kwanza

Kabla hujauliza bei ya prosesa (ubongo wa kompyuta), tazama soketi ya ukutani. Si kila soketi ya matundu matatu ina waya wa ardhi kweli. Katika nyumba za kupanga tundu la juu huenda likawa pambo tu. Dalili yake ni kwamba ukipitisha mkono kwenye bati la kesi (kasha la kompyuta) mashine ikiwa imewashwa, unahisi mtekenyo. Ndani ya pawa saplai (kifaa kinachoilisha kompyuta umeme) kuna vichujio vinavyomwaga mkondo mdogo sana kwenye bati, na kazi ya waya wa ardhi ni kuuchukua. Waya usipokuwepo, mkondo unakungoja wewe, au unapita kwenye kebo ya HDMI kuelekea skrini. Fundi wa stima mwenye kipimo atakwambia hali ya soketi kwa dakika tano. Mwite kabla ya kununua chochote, na usikubali plagi ya pini mbili hata kama "inafanya kazi tu sawa".

Jambo la pili ni radi. Mvua za alasiri kuanzia Kisumu hadi Kakamega na Kisii huja na ngurumo, na stima ikirudi baada ya kukatika, mara nyingi hurudi kwa kishindo. Tenga pesa za UPS (betri inayoishika kompyuta stima ikikatika) kabla ya kugawa zilizobaki. UPS ya 650VA inatosha kompyuta tutakayoeleza hapa, lakini VA si wati: nyingi za ukubwa huo hutoa wati 360 hadi 390 hivi, na itakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Si ya kumalizia filamu. TV gadi mbele ya UPS husaidia volti zikipanda au kushuka kupita kiasi. Radi ikianza kupasua karibu, chomoa plagi na kebo ya intaneti pia, kwa sababu radi hupenda sana kuingilia kwenye ruta. Hakuna kifaa cha dukani kitakachosimama mbele ya radi iliyopiga nguzo yenu.

Sasa jiulize kompyuta ni ya nini. Kama ni ya kuandika, eCitizen, iTax, masomo ya mtandaoni na YouTube, hesabu ya kweli ni hii: kompyuta ya mtumba ya ofisini, zile wauzaji huziita ex-UK, itakupa kazi nyingi zaidi kwa kila shilingi kuliko chochote utakachokiunda. Tafuta yenye Intel kizazi cha 8 au zaidi, kwa mfano Dell OptiPlex 5060 au HP EliteDesk 800 G4. Namba baada ya kistari ndiyo inayokuambia kizazi: i5-8500 ni cha 8, i5-10400 ni cha 10, na i5-4590 ni cha 4. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel za kabla ya kizazi cha 8. Ile ya kizazi cha 4 inayouzwa kwa bei ya kutupa bado ni nzuri kwa Linux Mint, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows. Kwa Windows, iache.

Ubaya wa mashine hizo unaonekana siku unapotaka kuziongeza nguvu. Soketi za umeme kwenye mazabodi zake (bodi kuu inayounganisha vipande vyote) si zile pini 24 za kawaida, kwa hiyo pawa saplai ya dukani haiingii, na kesi ndogo hukubali kadi fupi tu za grafiki (kadi za kuchora picha za skrini). Ukitaka kuhariri video, kuchora kwa 3D, kucheza gemu, au kuwa na kitu utakachokibadilisha kipande kwa kipande kwa miaka, ndipo kuunda kunapokuwa na maana.

Mgawo unaofaa, ukiondoa skrini na UPS, ni kama huu kwa kila shilingi 100: prosesa na mazabodi pamoja 45 hadi 50, memori (RAM) 20, SSD (diski isiyo na kinachozunguka) 12, pawa saplai 12, kesi na feni zinazobaki. Usiweke kadi ya grafiki katika mgawo huo. Kosa la kwanza la wanaoanza ni kununua kadi ya grafiki ya mtumba, kisha kubana pesa kwenye vitu vinavyoiweka hai.

Badala yake nunua prosesa yenye grafiki ndani yake. AMD Ryzen 5 5600G ina koa 6 (viini vya kufanyia kazi) na nyuzi 12 (kazi inazoshika kwa pamoja), hutumia soketi (tundu la prosesa kwenye mazabodi) ya AM4, na huja na feni yake ndani ya boksi. Grafiki yake huchezesha GTA V kwa 1080p ukishusha mipangilio. Upande wa Intel kuna Core i3-12100, koa 4 na nyuzi 8, kwenye soketi ya LGA1700. Hiyo hufanya kazi za ofisi kwa wepesi na bei yake ni ya chini, ila grafiki yake ni dhaifu kuliko ya 5600G.

Hapa ndipo herufi moja inakula pesa za watu. i3-12100F haina grafiki. Ryzen 5 5600 isiyo na G haina grafiki. Ryzen 5 5500 haina, lakini 5500GT inayo. Utaunganisha kila kitu vizuri, feni zitazunguka, taa zitawaka, na skrini itabaki nyeusi, kisha utamlaumu fundi bure. Muuzaji akikwambia "ni ile ile tu, hii ni bei nafuu", soma boksi kwa macho yako. Wala usiingie kwenye zile seti za Xeon za zamani (prosesa za seva) zenye mazabodi isiyo na jina. Koa ni nyingi, kweli, lakini hazina grafiki, zinakula stima, na mazabodi ikifa huna pa kuirudisha.

Mazabodi haifanyi kompyuta iwe na kasi, kwa hiyo nunua ya kiasi. Kwa 5600G chukua bodi ya aina ya A520 au B550. Kwa i3-12100 chukua H610. B450 na A320 za zamani huikubali 5600G pale tu BIOS yake (programu inayoiamsha bodi) imesasishwa, na bodi ya mtumba yenye BIOS ya zamani haitawaka kabisa mpaka upate prosesa ya zamani zaidi ya kuazima ili uisasishe. Muulize muuzaji aiwashe mbele yako ikiwa na prosesa yako. Ukichukua A520 au B550 na pesa zinaruhusu, chagua bodi yenye nafasi nne za memori badala ya mbili. Tofauti ya bei ni ndogo, na utaishukuru mwaka kesho.

H610 zipo za aina mbili, zinazotumia memori ya DDR4 na zinazotumia ya DDR5. Pengo la chini la kipande cha memori liko mahali tofauti kwa kila aina, na hakuna kusukuma kutakakosaidia. Memori ya laptopu nayo ni fupi na haiingii kabisa, ingawa utaiona ikiuzwa pembeni ya ile ya mezani kwa bei ya kuvutia.

Kuhusu memori yenyewe, lengo ni GB 16 kama vipande viwili vya GB 8, DDR4 ya 3200. Kwa nini viwili? Grafiki iliyo ndani ya prosesa haina memori yake, inakopa ya kompyuta, na vipande viwili hufungua njia mbili kwa wakati mmoja. Kwenye gemu tofauti hiyo unaiona kwa macho. Shida ni kwamba bei ya memori ilipanda sana kuanzia miezi ya mwisho ya 2025. Kama pesa haziruhusu GB 16, nunua kipande kimoja cha GB 8, si viwili vya GB 4. Utaumia kidogo kwenye gemu kwa sasa, lakini ukipata pesa unaongeza cha pili kinachofanana nacho bila kutupa chochote. Ukiona Windows inaonyesha GB 7.4 au hata 6 zinazotumika badala ya 8, hujaibiwa. Kilichopungua ndicho kiasi grafiki ilichokopa.

Diski iwe SSD, hakuna mjadala. Diski ya kuzunguka (HDD) inafaa kuhifadhi picha na filamu tu. Chukua NVMe (SSD ya njia ya kasi) ya GB 500 kama bodi ina nafasi ya M.2, na nyingi zinayo. Angalia kitu kimoja: M.2 ni umbo la kipande, wala halikuelezi kasi. Kuna SSD za M.2 zinazotumia njia ya SATA, ambazo hazivuki takriban MB 550 kwa sekunde, wakati NVMe ya kawaida ya PCIe 3.0 hufika hadi MB 3,500. Bodi nyingine hazikubali M.2 za SATA kabisa. Kwenye boksi tafuta neno NVMe. Kwa SSD ya mtumba, beba flashi yenye programu ya CrystalDiskInfo na usome saa ilizotumika na asilimia ya afya kabla ya kutuma M-Pesa. Na SSD isiyo na jina ya TB 2 kwa bei ya GB 250 ni uongo uliopakwa rangi: mara nyingi ndani kuna kadi ndogo ya memori iliyochezewa ili isome ukubwa usiokuwepo, na ikishajaa kiasi chake halisi, faili zako zinaandikwa juu kwa juu.

Pawa saplai ndiyo sehemu ambayo watu hubana pesa, na ndiyo pekee inayoweza kufa ikiondoka na mazabodi, prosesa na SSD kwa pamoja. Kesi nyingi za bei nafuu huja na pawa saplai ndani, imebandikwa "500W". Igeuze usome kibandiko, mstari wa +12V. Zidisha 12 kwa idadi ya ampea. Ikiandikwa 18A, hiyo ni wati 216 kwenye njia ambayo prosesa na kadi ya grafiki hulishwa. Hizo nyingine ni hesabu ya matangazo. Ya wati 450 iliyo ya kweli itakuwa na ampea zaidi ya 30 kwenye mstari huo, alama ya 80 Plus (ya ufanisi wa umeme), na kampuni yenye jina na waranti ya miaka kadhaa. Uzito nao husema: kopo jepesi kama la kahawa limeondolewa vichujio.

Mbona wati 450 wakati kompyuta hii haitavuta hata 150? Kwa sababu ndogo kuliko hiyo zilizotengenezwa kwa uangalifu ni adimu dukani, na itakubali kadi ya grafiki ya kiasi baadaye. Hakikisha ina kebo ya prosesa ya pini 4+4. Na kama ina kiswichi chekundu kidogo nyuma chenye 115 na 230, kiwe kwenye 230 kabla haijaona soketi. Ukikisahau kwenye 115 na kuichomeka kwenye volti 240 za Kenya, utasikia mlipuko na kunusa moshi, na waranti haitakutambua.

Kama unaogopa tokeni, piga hesabu: kwa wastani wa wati 80 pamoja na skrini, saa 6 kwa siku, ni takriban uniti 14.4 kwa mwezi.

Kesi nunua kwa hewa, si kwa taa. Kisumu mchana ni nyuzi joto 30 na zaidi, na chini ya mabati yasiyo na dari hali ni mbaya kuliko hapo. Kesi yenye kioo kitupu mbele huipika prosesa polepole. Tafuta yenye wavu mbele na feni mbili za milimita 120, moja ya mbele ikivuta hewa ndani, moja ya nyuma ikiitoa. Feni hupuliza kuelekea upande wenye fremu inayoshika mota. Nakuru joto si tatizo; huko tatizo ni vumbi, na si bure kwamba wengi hulieleza jina la mji kwa neno la Kimaasai la mahali pa vumbi. Soksi nyembamba ya nailoni iliyovutwa juu ya wavu wa mbele ni kichujio kizuri kabisa, ioshe kila mwezi. Wanaokaa karibu na ziwa wana adha ya ziada: wale wadudu wadogo wanaofuata taa usiku huingia kwenye feni na kufia humo. Weka wavu dirishani, au funga dirisha unapofanya kazi usiku.

Skrini ya mtumba ya inchi 22 hadi 24, 1080p, inatosha. Iwashe dukani kwenye picha nyeupe tupu na nyeusi tupu uone madoa. Linganisha milango yake na ya mazabodi: ya ofisini nyingi zina VGA na DisplayPort bila HDMI, na kebo ya kawaida ya kutoa DisplayPort kwenda HDMI haifanyi kazi ukiigeuza. Bodi za bei nafuu kwa kawaida hazina Wi-Fi, kwa hiyo weka pesa kidogo ya kidude cha USB, au vuta kebo kutoka kwenye ruta.

Ukija kutafuta kadi ya grafiki ya mtumba baadaye, jihadhari na GTX 1050 Ti bandia. Ni kadi za zamani sana zilizobadilishwa jina kwenye BIOS yake. Ukiona mlango wa VGA kwenye kadi ya kizazi hicho, shuku. Fungua GPU-Z, programu hiyo huandika neno FAKE kwenye nyingi za namna hiyo. Kadi za RX 580 nazo nyingi zilitumika kuchimba sarafu za kidijitali usiku na mchana. Ijaribu kwa gemu nzito dakika 20, usiridhike na kuona desktopu.

Ununuzi wenyewe: linganisha maduka ya Oginga Odinga Street, Kisumu, na ya Luthuli Avenue, Nairobi, kisha ongeza nauli ya kifurushi na uzito wa waranti. Pawa saplai na mazabodi zinunuliwe karibu hata kwa bei ya juu kidogo, kwa sababu ndizo utakazotaka kurudisha kwa miguu yako. SSD na memori husafiri salama kwa basi. Omba risiti yenye namba ya kifaa, na ukifungua kifurushi rekodi video tangu mkanda ukiwa haujakatwa. Kompyuta iliyoundwa tayari isisafirishwe ikiwa na kadi ya grafiki ndani. Matuta ya barabarani huing'oa pamoja na soketi yake.

Kuunda kwenyewe ni bisibisi moja ya nyota na saa mbili tatu. Anza na bodi ikiwa juu ya boksi lake la karatasi, nje ya kesi. Gusa bati la kesi mara kwa mara kutoa chaji mwilini, hasa siku kavu za Januari. Pembetatu ya dhahabu kwenye kona ya prosesa ilingane na alama ya soketi, kisha iweke taratibu ikae yenyewe, hakuna kusukuma. Kwenye AM4 pini ziko kwenye prosesa, kwenye LGA1700 ziko ndani ya soketi, na pini zikipinda hakuna waranti ya duka itakayokusaidia. Feni ya kwenye boksi huja imepakwa griisi ya joto tayari, usiongeze. Ukiwa na griisi yako, tone la ukubwa wa punje ya pojo kubwa linatosha. Kaza skrubu kwa msalaba, kidogo kidogo. Memori mbili kwenye bodi ya nafasi nne ziende nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa.

Sasa unganisha pini 24 na ile ya prosesa ya 4+4, chomeka skrini kwenye mlango wa mazabodi, na ugusanishe zile pini mbili za PWR (za kitufe cha kuwashia) kwa ncha ya bisibisi. Ikifungua BIOS, zima na uhamishie kwenye kesi. Hesabu vile vinguzo vya shaba: kila kimoja kiwe chini ya tundu la bodi. Kinguzo kilichozidi mahali pasipo na tundu hugusa nyuma ya bodi, na kompyuta huwaka sekunde moja na kuzima. Bamba la milango ya nyuma, kama bodi yako inalo kando, hutangulia kuingia kabla ya bodi. Karibu kila mtu hulisahau mara ya kwanza na kufungua skrubu zote upya.

Feni zikizunguka bila picha, fuata utaratibu huu: kebo ya skrini iko kwenye mlango sahihi? Ile 4+4 imeingia mpaka ikabana? Toa memori zote, rudisha kimoja tu, sukuma mpaka kibanio kilie, jaribu nafasi nyingine. Kisha toa betri ndogo ya bodi, CR2032, dakika tano na plagi ikiwa imechomolewa. Memori isiyoingia vizuri ndiyo huwa mkosaji wa kwanza.

Ndani ya BIOS washa XMP (mpangilio wa kasi ya memori), au DOCP kama bodi imeiita hivyo, la sivyo memori ya 3200 uliyolipia huenda ikaendeshwa kwa 2133, 2400 au 2666. Weka Windows 11 au Linux Mint kwa flashi ya GB 8 au zaidi. Leseni zile za "kraki" huja na wageni wanaosoma nywila zako, ya benki ikiwemo. Kisha ngoja saa nane mchana, saa ya joto kali, fungua HWiNFO (programu ya kusoma joto) na uchezeshe gemu au kuhariri video nusu saa. 5600G ikibaki chini ya nyuzi 85, funga kesi. Ikigonga 95 inaanza kujipunguza kasi yenyewe: angalia kama nailoni ya kinga iliyobandikwa chini ya sinki ya feni (bati linalovuta joto la prosesa), ikiwa ilikuwepo, uliibandua, na kama skrubu zote nne zimekaza sawa. Baada ya hapo chomoa plagi ya UPS ukutani kompyuta ikiwa inafanya kazi, bila faili yoyote wazi. Ikizima papo hapo, huenda pawa saplai yako haipatani na umbo la umeme wa UPS hiyo, na ni heri uirudishe wakati risiti bado ni mpya.